Kwa nini jamii kamilifu haidumu kwenye tamthilia za televisheni, na kwa nini utawala wa mateso hauanguki?

Mtoa mada

Wana jukwaa, salaam. Naomba tuzungumzie jambo ambalo limekuwa likichungulia katika nyuzi nyingi za tamthilia humu bila kupewa nafasi yake. Kila inapotajwa tamthilia inayoonyesha jamii ya kesho, iwe njema au ya kutisha, mjadala huishia kwenye swali lile lile: je, mwandishi bado ana imani na binadamu au amekwisha kukata tamaa? Naona swali hilo linatupoteza. Sura ya jamii hizo, ile iliyo kamilifu ambayo wahakiki huiita utopia na ile ya mateso wanayoiita distopia, huamuliwa zaidi na ulazima wa kumrudisha mtazamaji wiki ijayo na msimu ujao kuliko inavyoamuliwa na itikadi ya aliyeiandika. Tahadhari kwa wanaopanga kutazama: nitasimulia hadithi mpaka miisho yake.

Nianze na Star Trek, tamthilia ya wasafiri wa chombo cha angani, ambayo ndiyo utopia iliyoishi muda mrefu kuliko zote kwenye televisheni. Tamthilia ya kwanza iliyobuniwa na Gene Roddenberry ilianza kurushwa Marekani na kituo cha NBC tarehe 8 Septemba 1966, ikadumu misimu 3 na sehemu 79. Katika kesho aliyoiwaza Roddenberry, Dunia haina njaa wala vita baina ya mataifa yake, na ubaguzi wa rangi umebaki kuwa habari za vitabu vya historia. Iliporudi mwaka 1987 kwa jina la The Next Generation, neema ilizidi: watu hawafanyi tena kazi kwa ajili ya kutajirika, na chakula kinatolewa na mashine mara tu unapotamka unachokitaka. Kuna sehemu ya mwaka 1988 ambamo tajiri mmoja wa karne ya 20, aliyekuwa amegandishwa baada ya kufa, anafufuliwa ndani ya chombo, na jambo linalomhangaisha kuliko yote ni hisa zake. Kapteni Picard, mkuu wa chombo hicho, anamweleza, kwa upole uliochanganyika na dharau kidogo, kwamba binadamu walikwisha kuachana na tabia ya kulimbikiza mali.

Sasa tuwafikirie waliopewa kazi ya kuandika. Roddenberry alisisitiza kwamba binadamu wa karne ya 24 wamekomaa kiasi kwamba maofisa wa chombo hawapaswi kugombana wao kwa wao kwa sababu ya wivu, tamaa au chuki. Waandishi hao hao walitakiwa kutoa karibu sehemu 26 kwa mwaka. Mchezo usio na mgogoro hauchezeki, kwa hiyo kila wiki mgogoro ilibidi uletwe kutoka nje: kwa maadui, kwa viumbe wasioeleweka, kwa maradhi ya ajabu, kwa mgeni aliyepanda chomboni asubuhi na kuteremka jioni. Dunia yenyewe, ile pepo inayosifiwa, ikawa mahali pa kutajwa. Katika misimu 7 kamera hushuka mitaani huko kwa nadra mno, na si kwa bahati mbaya: mahali ambapo hakuna anayepungukiwa na kitu pana uhaba wa visa.

Roddenberry alifariki Oktoba 1991. Deep Space Nine ilianza Januari 1993, na walioibuni, Rick Berman na Michael Piller, walipata njia ya kulikwepa sharti lake bila kulivunja hadharani. Waliiweka hadithi kwenye kituo cha angani mpakani, jirani na sayari iliyotoka kujikomboa kutoka kwa wavamizi, mahali penye wakimbizi, wachuuzi na wapiganaji ambao hawakuwahi kuapa kufuata maadili ya Shirikisho, yaani muungano wa sayari ambao Dunia imo ndani yake. Ni huko ambako Kamanda Benjamin Sisko, mkuu wa kituo hicho, katika sehemu ya mwaka 1994, analalamika kwamba ni rahisi kuwa mtakatifu ukiwa unaishi peponi. Ugomvi ukarudi na tamthilia ikanoga.

Kisha wakathubutu kufanya lile ambalo Roddenberry alilifanya kwa nadra mno, wakaipeleka hadithi Duniani kwenyewe. Sehemu mbili za Januari 1996, "Homefront" na "Paradise Lost", ndizo nizipendazo kuliko zote. Maadui wenye uwezo wa kujigeuza umbo wamepenya Duniani, na jeshi linaanza kupima watu damu, kwa kuwa damu ya maadui hao ikitoka mwilini hurudia asili yake ya ute. Joseph Sisko, baba yake Benjamin, mzee mwenye mgahawa huko New Orleans, anakataa katakata kupimwa. Wanabishana jikoni huku mzee akikatakata mboga, kisu kinamkata kidole, na mwanawe, badala ya kushughulika na jeraha, anakitazama kisu aone kama damu iliyobaki pale itabadilika. Mzee anang'amua anachokitazama. Hakuna mlipuko wala chombo cha angani katika tukio hilo. Kuna baba, mwana na kisu cha jikoni, na pepo nzima imekwisha kuingiwa na ufa. Baadaye inabainika kwamba umeme wa Dunia ulizimwa na wanafunzi wa chuo cha jeshi la Shirikisho lenyewe, kwa amri ya Admirali Leyton aliyetaka kutwaa madaraka kwa kisingizio cha usalama. Mmoja wa maadui anamweleza Sisko, kwa kejeli, kwamba sayari nzima wamo wanne tu. (Mgahawa wa mzee Joseph nao huniachia swali dogo: kama kila mtu anafanya kazi aipendayo bila kusukumwa na shida, ni nani aliyejitolea kuosha masufuria?)

Tazameni basi kilichotokea. Utopia iligeuzwa kuwa kivuli cha distopia kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuionyesha kwa dakika 90. Baada ya hapo mambo yalielekea huko huko, hadi mwaka 1998 tulipotambulishwa idara ya siri iitwayo Section 31, inayoua na kulaghai ili wengine wote waendelee kuishi kwa usafi.

Mfano wa pili ni 3%, tamthilia ya Brazil iliyobuniwa na Pedro Aguilera na kuonyeshwa Netflix kuanzia Novemba 2016 hadi Agosti 2020. Kuna Bara, palipochakaa na kujaa njaa, na kuna kisiwa cha Maralto, kwenye maji safi, tiba na utulivu. Kila kijana wa Bara akifikisha miaka 20 hupata nafasi moja tu ya kuingia kwenye Mchakato, mfululizo wa mitihani ya akili, ustahimilivu na usaliti, na ni asilimia 3 pekee wanaovuka. Anayeshindwa harudii. Walioshindwa wengi hawailaani Maralto. Hujilaani wenyewe, na hilo linachoma kwa yeyote aliyewahi kusimama mbele ya orodha ya matokeo ya mtihani wa taifa akitafuta namba yake. Kisha tunaambiwa kwamba kabla ya kuvuka washindi hufungwa uzazi, ili kisiwani pasiwe na mtoto anayepata nafasi kwa kuzaliwa tu. Ni sheria ya haki kabisa ukiitazama kwa jicho moja, na kwa jicho la pili ni ya kikatili kupita kiasi.

Msimu wa tatu, wa mwaka 2019, ndio unaobeba hoja yangu. Michele, aliyeujua Mchakato kwa ndani, anaanzisha makazi mapya jangwani yaitwayo Concha, yasiyo na mtihani, ambayo kila mtu anakaribishwa. Ukiyaona unatamani uhamie. Dhoruba ya mchanga inakuja, mitambo ya maji na mazao inaharibika, chakula hakitoshi tena, na Michele anatangaza kwamba watapunguzwa watu kwa njia ya majaribio. Anaurudisha Mchakato kwa mikono yake mwenyewe. Wapo wanaoliona tukio hilo kama maoni ya waandishi kuhusu siasa, na pengine ni kweli, ila mimi naliona pia kama kukiri kwa tamthilia: chombo kilichowavuta watazamaji kwa misimu miwili kilikuwa mtihani, na bila mtihani hakukuwa na msimu wa tatu.

Upande wa pili wa shilingi ni The Handmaid's Tale, iliyoanza kwenye mtandao wa Hulu Aprili 2017 na kumalizika Mei 2025 ikiwa na misimu 6. Inahusu Gilead, utawala wa kidini uliotwaa Marekani, ambamo wanawake wenye uwezo wa kuzaa, June akiwa mmoja wao, hulazimishwa kuwazalia watawala. Msimu wa kwanza uliifuata riwaya ya Margaret Atwood ya mwaka 1985 hadi pale riwaya inapokomea, June akiingizwa garini bila kujua anapelekwa uhuruni au kunyongwa. Riwaya ina nyongeza ya kijanja mwishoni, ambamo wasomi wa miaka mingi baadaye wanaujadili utawala wa Gilead kama jambo la kale lililokwisha. Televisheni haikuweza kumudu anasa hiyo. Mwishoni mwa msimu wa pili June anapata njia ya kutoroka, anamkabidhi mtumwa mwenzake Emily kichanga chake, anabaki. Msimu wa tatu anawatorosha watoto kwa ndege, anabaki tena. Alipofika Kanada katika msimu wa nne, Gilead ilimfuata huko kwa njia nyingine. Hata sehemu ya mwisho kabisa, Boston ikiwa imekombolewa, binti yake Hannah bado yumo mikononi mwa utawala, kwa kuwa tamthilia ya pili, inayotokana na riwaya ya Atwood ya mwaka 2019, ilikwisha kupangwa. Utawala ule haukulindwa na askari wake peke yao. Ulilindwa pia na mikataba ya msimu unaofuata. Na sisi watazamaji tukazoea, mpaka mavazi mekundu na kofia nyeupe, vilivyotushtua mwaka 2017, vikawa mandhari tu.

Naomba kuwasilisha. Wanaopinga nawakaribisha zaidi kuliko wanaokubali.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa mada, shukrani kwa uzi ulioshiba. Hata hivyo naona umeipa ratiba uzito usio wake, na katika kuifuata ukapitwa na jambo la ndani zaidi kuhusu Gilead. Wewe umeiita distopia na ukaendelea na safari, ilhali walioijenga waliamini wanajenga pepo: hewa safi, chakula kisicho na sumu, watoto wanaozaliwa tena baada ya miaka ya utasa. Kamanda Waterford, bwana wa nyumba anamotumikishwa June, anamwambia June bila haya kwamba hali bora haiwi bora kwa kila mtu, na kwamba daima wapo ambao kwao huwa mbaya zaidi. Hapo hakuna suala la msimu ujao. Hapo pana ukweli kwamba utopia na distopia ni nyumba moja inayotazamwa kutoka vyumba tofauti.

Mfikirie Serena Joy, mke wa Waterford. Kabla ya mapinduzi alikuwa mwandishi, akazunguka akihutubia kwamba nafasi ya mwanamke ni nyumbani. Alipata alichokiomba, kisha akagundua kwamba nchi aliyoisanifu imemkataza yeye mwenyewe kusoma na kuandika. Katika sehemu ya mwisho ya msimu wa pili anasimama mbele ya makamanda na kusoma Biblia kwa sauti, akiomba watoto wa kike waruhusiwe kuisoma, na anakatwa kidole. Mume wake yumo katika baraza lile lile. Tukio hilo lingekuwa na nguvu ile ile hata kama tamthilia ingekoma usiku huo.

Halafu nikuletee mfano unaokukwaza. The Prisoner ya Uingereza, iliyorushwa kati ya 1967 na 1968, ilikuwa na sehemu 17 tu na ikafika mwisho wake. Jasusi aliyejiuzulu anatekwa na kuamkia katika Kijiji kizuri kuliko hoteli yoyote ya kitalii. Kilipigiwa picha Portmeirion, kaskazini ya Wales. Kuna bendi, maua, miavuli ya rangi, chakula kizuri, na hata uchaguzi. Hakuna jina, kila mtu ana namba, na anayejaribu kukimbia hufuatwa na puto kubwa jeupe linalonguruma. Mwisho wa safari, jasusi huyo, aliyepewa jina la Namba Sita, anamvua barakoa Namba Moja, mtawala wa Kijiji, na kukutana na uso wake mwenyewe. Utawala uliangushwa, tamthilia ikafungwa. Hoja yako inasemaje hapo?

Mtoa mada

Mkuu, umenikamata vizuri, ila mfano wako unanisaidia kuliko unavyodhani. Patrick McGoohan, aliyeiigiza na kuisimamia, alikuwa anataka sehemu 7 tu, kwa sababu aliona hadithi yake haina nyama ya kuzidi hapo. Lew Grade, tajiri aliyeigharamia, alihitaji 26 ili aweze kuiuza Marekani. Zikapatikana 17 baada ya kuvutana, na anayezitazama leo anazitambua kwa urahisi zile zilizoongezwa ili kujaza nafasi, ikiwemo moja ambamo Namba Sita anavaa mavazi ya mchunga ng'ombe wa Marekani. Watazamaji wa Uingereza nao waliupokea mwisho huo kwa hasira kubwa, kwa sababu walizoea kwamba wiki ijayo watapewa mhalifu wa kumchukia, na badala yake wakapewa kioo.

Kuhusu Serena nakubali bila masharti. Kile kidole kinasema kuliko misimu miwili iliyofuata.

Mchangiaji wa pili

Wakuu, mbona hatujaitaja Squid Game, ile ya Korea Kusini ambamo watu wenye madeni hucheza michezo ya watoto kugombea fedha na anayeshindwa huuawa? Ilitoka tarehe 17 Septemba 2021, ikatazamwa mpaka na wazazi wetu wasiojua Korea iko upande gani. Mimi naiona kuwa ndiyo inayounganisha hoja zenu mbili.

Sehemu ya pili ya msimu wa kwanza ndiyo moyo wa jambo zima, ijapokuwa wengi hukumbuka yule mwanasesere mkubwa wa sehemu ya kwanza. Wachezaji 456 wamekwisha kupungua hadi 201, wanapiga kura kama waendelee au waache, na matokeo ni 101 kwa 100: wanaachiwa huru. Wanarudi makwao. Gi-hun, mhusika mkuu, anarudi kwenye madeni na kwa mama mwenye kisukari asiye na fedha za matibabu, mwenzake mhamiaji kutoka Pakistan anarudi kwa mwajiri asiyelipa mishahara. Baada ya siku chache wengi wao, 187, wanaingia tena kwa hiari yao. Mchezo si distopia iliyojificha ndani ya nchi ya kawaida. Nchi ya kawaida ndiyo iliyowachosha, na mchezo unawapa angalau kanuni zinazofuatwa. Ndiyo maana kiongozi mwenye barakoa nyeusi anawanyonga wafanyakazi wake waliomvujishia mchezaji mmoja siri za michezo, akisema kwamba wameharibu kitu muhimu kuliko vyote, usawa. Anaamini kabisa kwamba humo ndani kumejengwa dunia ya haki ambayo nje haipo. Mkurugenzi wake, Hwang Dong-hyuk, amesema wazi kwamba maisha ya Gi-hun yanatokana na mgomo wa wafanyakazi wa kiwanda cha magari cha SsangYong wa mwaka 2009, kwa hiyo hasira ile haikutungwa.

Sasa nije kwa mtoa mada. Hwang aliikusudia hadithi moja iishe. Alirudi na msimu wa pili Desemba 2024 na wa tatu Juni 2025, na alipoulizwa na BBC kwa nini alibadili nia alijibu kwa unyofu kwamba ni fedha, kwa sababu msimu wa kwanza, pamoja na umaarufu wake wote, haukumlipa sana. Kama hiyo haitoshi, mwaka 2023 Netflix ilitengeneza shindano halisi kwa jina hilo hilo, washindani 456, nguo za kijani zile zile, zawadi ya dola milioni 4.56. Tamthilia iliyoandikwa kulaani watu kushindanishwa kwa ajili ya burudani ya matajiri iligeuzwa kuwa mashindano ya burudani. Mimi nisingesema ni ratiba, ndugu yangu. Ningesema ni biashara, na ratiba ni karani wake.

Mchangiaji wa tatu

Naomba nami nichangie kwa ufupi, kaka zangu, maana mmezunguka dunia nzima mkapita mlangoni kwetu bila kubisha hodi.

Katika ile Star Trek ya mwaka 1966, Luteni Uhura aliyeigizwa na Nichelle Nichols alipewa jina lililotoholewa kutoka uhuru wetu, na Kiswahili kilikuwa lugha yake. Sehemu ya kwanza kabisa kurushwa ina kiumbe kinachojigeuza, na kilipotaka kumlaghai Uhura kilijitokeza kama mwanamume mweusi na kumsemesha Kiswahili. Mwaka 1967, katika sehemu ambayo kumbukumbu zake zimefutwa, anafundishwa upya kusoma Kiingereza, na akikasirika anarukia Kiswahili. Kiswahili chenyewe kilikuwa cha kubabaisha, tuseme ukweli, lakini kilikuwemo. Nichols alisimulia mara nyingi kwamba alikusudia kuacha kazi hiyo baada ya msimu wa kwanza, na aliyemzuia ni Martin Luther King, kwa hoja kwamba kwa mara ya kwanza watu weusi walikuwa wanaonekana katika kesho. Tunapopima utopia ya Roddenberry tusisahau kwamba kwa baadhi ya watu kuwepo tu kwenye picha kulikuwa nusu ya ndoto, hata kama mtu huyo alipewa kazi ya kupokea simu.

La pili, mwaka 2009 Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza Pumzi, filamu fupi ya takriban dakika 20 tu. Baada ya vita vya maji, watu wanaishi ndani ya mji uliofungwa uitwao Maitu. Jasho na mkojo husafishwa ili vinyweke, umeme unatokana na watu kufanya mazoezi kwenye mashine, na ndoto huzuiwa kwa vidonge. Asha anapata udongo wenye rutuba, anapanda mbegu, anatoroka kwenda nje na kuutoa mwili wake ili mche uishi. Ninajua si ya televisheni, lakini mtoa mada atuambie: ingeweza kuwa na misimu sita?

Mtoa mada

Dada, isingeweza, na nashukuru umeileta. Asha anaweza kujitoa kabisa kwa sababu hakuna anayemhitaji Jumanne ijayo. Filamu fupi inaweza kumpoteza mhusika wake mkuu, mji ukabaki nyuma na mlango wake, na sisi tukaachiwa mti.

Miaka miwili baadaye, Desemba 2011, Channel 4 ya Uingereza ilionyesha sehemu ya pili ya Black Mirror, "Fifteen Million Merits", ambamo pia watu wanakanyaga baiskeli siku nzima kuzalisha umeme. Sisemi walinakili, nasema tu kwamba Nairobi ilitangulia. Bing anaigizwa na Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London ambaye wazazi wake wanatoka Uganda. Kuta za chumba chake ni skrini, na tangazo likija hawezi kulizima bila kulipa. Akifumba macho linasimama na kumpigia king'ora mpaka atazame. Anamnunulia msichana tiketi ya shindano la uimbaji kwa salio lake lote, na majaji wanamwelekeza msichana huyo kwenye chaneli ya ponografia. Bing anabana matumizi, anakanyaga upya hadi aipate tiketi ya pili, anapanda jukwaani, anajiwekea kipande cha kioo shingoni na kuwatukana majaji na mfumo mzima kwa maneno ya moto. Kimya kinapita. Kisha jaji mmoja anamsifu kwa ukweli wake na kumpa kipindi chake mwenyewe. Anakikubali. Sehemu inaisha akiwa na chumba kikubwa zaidi, kipande cha kioo kikitunzwa ndani ya sanduku. Mchangiaji wa pili, hilo shindano lako la washindani 456 lilikwisha kusimuliwa hapo, miaka 12 kabla. Na liliweza kusimuliwa kwa sababu kila sehemu ya Black Mirror inasimama peke yake, wala hapakuwa na haja ya kumwamsha Bing akiwa bado shujaa.

Nimeulizwa kwa ujumbe wa faragha kama kuna tamthilia ndefu iliyowahi kuliona tatizo hili na kulifanya kuwa ndiyo hadithi yenyewe. Ipo, na ni ya kuchekesha: The Good Place ya NBC, iliyobuniwa na Michael Schur, 2016 hadi 2020. Eleanor anaamka peponi kwa makosa ya karani, au ndivyo anavyoambiwa, na mwisho wa msimu wa kwanza anagundua kwamba pale ni motoni palipopakwa rangi, mateso yao yakiwa ni kuishi pamoja. Misimu inayofuata inaeleza kwamba kwa zaidi ya miaka 500 hakuna aliyeingia pepo ya kweli, kwa kuwa hata ununuzi wa nyanya moja umeungana na dhuluma nyingi usizozijua. Hatimaye wanafika penyewe, na wanawakuta wakazi wamepumbaa kwa raha isiyo na ukomo. Hypatia wa Alexandria, mwanahesabu mkubwa wa kale, anashindwa kukumbuka maneno ya kawaida na kuwaomba msaada kwa siri. Dawa wanayoitoa ni mlango: anayeridhika anaruhusiwa kuupita na kukoma. Tamthilia iliyogundua kwamba pepo inahitaji mwisho ilichagua na yenyewe kuisha ikiwa na misimu 4, ingali na watazamaji, kwa uamuzi wa Schur mwenyewe. Kwa hiyo, Mchangiaji wa kwanza, ukinibana sana nitakubali hili: anayeandika akiamua kugoma, biashara humsikiliza, japo mara chache.

Mchangiaji wa nne

Mtoa mada, sijawahi kutazama Star Trek yoyote na sina muda wa misimu saba. Ile ya mzee wa mgahawa naweza kuitazama peke yake nikaelewa?

Mtoa mada

Unaweza, mkuu. Zote mbili zimo katika msimu wa nne wa Deep Space Nine. Anza na "Homefront", usiruke ya pili. Unachohitaji kujua ni kwamba Odo, ofisa wa usalama asiye na nyusi, ni wa kabila moja na hao maadui wanaojigeuza, na kwamba Sisko alifiwa na mkewe vitani, ndiyo maana analea kijana peke yake. Ukimaliza hizo mbili na bado una saa moja, tafuta "In the Pale Moonlight" ya msimu wa sita, halafu urudi hapa utuambie kama ungemripoti Sisko au ungenyamaza.